Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Polisi Juu ya Mafunzo na Zana za Upelelezi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, na kwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Waheshimiwa,

Naomba idhini ya kuzungumza nanyi mbele ya kadamnasi, kwa kuwa jambo nililonalo si la siri wala si langu peke yangu; ni la kila raia aliyepata kuingia kituo cha polisi na shida yake kifuani, na ni la kila askari aliyepata kumpokea raia huyo ilhali hana elimu ya kutosha ya kumhoji, wala karatasi ya kumwandikia, wala chombo cha kumfikisha mahali jambo lilipotokea. Siandiki ili kumshitaki mtu. Naandika kwa kuwa nilifanya kazi ya ukarani katika mahakama ya wilaya mpaka nikastaafu, na ukarani, ingawa hauna fakhari kubwa, humpa mtu nafasi ambayo hata hakimu hana: hakimu hulisoma jalada siku ya shauri, bali karani hulipokea lingali jipya, hulitunza, hulitoa na kulirudisha, na mwisho huliweka kabatini likiwa limekwisha kazi yake, liwe limemfunga mtu au limemwachia huru.

Niliyoyaona katika majalada hayo ndiyo yaliyonisukuma kushika kalamu. Barazani kwetu, kesi ya mwizi au ya mbakaji inapoanguka, watu hukimbilia kusema kwamba hakimu amekula mlungula au kwamba wakili ni fundi wa kuyapinda maneno; na sikatai kuwa mlungula upo, kwani nimeishi miaka mingi katika nyumba hizo na ninajua lipitalo. Walakini kesi nyingi mno nilizoziona zikianguka zilikuwa zimekwisha kuharibika kabla ya kufika mlangoni petu, katika zile saa za mwanzo ambazo haziwezi kurudishwa, ama pale kaunta ya kituo, ama pale pale penye tukio, kwa mkono wa askari kijana ambaye pengine alikuwa na nia njema kabisa, lakini hakufundishwa la kufanya, au alifundishwa akanyimwa cha kufanyia. Na askari huyo asiyejua kuuliza, na asiyekuwa na zana za kutafuta ithibati nje ya nafsi ya mtuhumiwa, hubakiwa na kinywa cha mtuhumiwa peke yake. Na kinywa hicho kisipofunguka kwa maswali, hushawishika kukifungua kwa kofi. Tumezoea kuyahesabu mateso ya mahabusu kuwa ni ukatili wa tabia, nami nasema kwamba aghalabu hutokana na umasikini wa elimu na wa zana, na umasikini huo Serikali inao uwezo wa kuuondoa ikiazimia.

Nitangulize habari ya maelezo ya shahidi, kwani hapo ndipo penye hasara kubwa na ndipo panapohitaji gharama ndogo kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini huisoma, ikasema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu mno, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa shahidi kukosea. Ikataja na mambo yanayopasa kuchunguzwa: shahidi alimwangalia mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa mchana au usiku, na kama ni usiku mwanga ulikuwa wa namna gani, na je, alipata kumjua kabla ya hapo. Imepita zaidi ya miaka 40 tangu maneno hayo yaandikwe, na mpaka siku niliyokabidhi funguo za kabati langu nilikuwa bado napokea maelezo ya mashahidi yaliyoandikwa hivi: kwamba majambazi walivunja mlango usiku, kwamba kulikuwa na mwanga, na kwamba shahidi aliwatambua. Basi. Mistari mitatu, sahihi ya dole gumba, na namba ya askari.

Mwanga gani? Askari aliyefundwa angeliuliza kama ulikuwa wa umeme, wa sola, au wa koroboi. Na kama ni koroboi, iliwekwa mezani au sakafuni, mbele ya mvamizi au nyuma yake, na je, iliendelea kuwaka au ilizimwa na upepo wa mlango ulipoangushwa. Angeliuliza mvamizi alisimama wapi, na angelitoka kwenda kupima kwa hatua au kwa futi kamba kutoka kitandani hadi mahali hapo. Angeliuliza mvamizi alitamka neno gani, na kama sauti yake iliwahi kusikika kijijini. Na juu ya yote angeliuliza: jina lake ulimtajia nani wa kwanza, na saa ngapi? Kwa maana mahakama zetu huwapa uzito mkubwa mashahidi waliomtaja mtuhumiwa mapema, angali hajakamatwa, kwa jirani wa kwanza aliyefika au kwa mwenyekiti wa kitongoji. Maswali haya hayahitaji mtambo kutoka ng'ambo. Yanahitaji nusu saa ya utulivu, kalamu yenye wino, na mtu aliyefundishwa kwamba ipo siku maneno anayoyaandika yatasomwa na wakili mwenye macho makali.

Nilikaa mbele ya meza ya hakimu nikasikia jibu moja likirudiwa na mashahidi wasiojuana, wa kesi zisizohusiana. Shahidi husimama kizimbani akaeleza vizuri kabisa kwamba koroboi ilikuwa juu ya kabati la vyombo na kwamba mshitakiwa alikuwa jirani yake wa tangu utotoni, wakili wa utetezi huchukua maelezo aliyoyatoa polisi, akamwuliza kwa upole mbona mambo haya mazito hayamo, na yule mtu masikini, baada ya kutazama huku na huku, hujibu, "Hawakuniuliza." Hakimu huandika jibu hilo. Na jibu hilo, ambalo ni la kweli tupu, ndilo linalomfungulia mlango mshitakiwa kwenda zake, kwa kuwa sheria haina njia ya kupambanua shahidi ambaye hakuulizwa na shahidi ambaye amebuni baadaye. Siku hiyo yule aliyevunjiwa nyumba hurudi kijijini akawaambia wenzake kwamba serikali imemwachia mwizi wake. Anayejiuliza wale wanaoitwa na magazeti "wananchi wenye hasira kali" hutoka wapi na mawe na matairi yao, basi sehemu yao moja hutoka hapo.

Kuna watakaonijibu kwamba askari hufundishwa. Najua. Najua Shule ya Polisi Moshi, ambako vijana wetu huingia depo wakiwa makuruta na kutoka wakiwa makonstebo walionyoka. Najua kile chuo cha Kurasini, Dar es Salaam, na cha Kidatu, na cha Zanzibar. Na sina neno baya juu ya wakufunzi wake. Kwata nalo silidharau, kwa sababu kikosi kisichojua kutii amri ni hatari kwa raia kuliko majambazi. Lakini jeshi letu la polisi lilizaliwa mwaka 1919 chini ya Waingereza, likiwa na kazi ya kwanza ya kulinda amri ya mtawala, na hata baada ya mwaka 1964, alipokuja kushika uongozi wake Mwafrika wa kwanza, marehemu Elangwa Shaidi, urithi ule wa gwaride na bunduki uliendelea kuchukua fungu kubwa la heshima ya mafunzo, na elimu ya kuuliza na kuandika ikawa ni ya wachache wanaochaguliwa baadaye kwenda kusomea upelelezi. Ilhali mtu wa kwanza kukutana na jinai si mpelelezi aliyesoma kozi. Ni konstebo wa zamu, aliyekaa kaunta tangu alfajiri, ambaye maelezo atakayoyaandika yeye ndiyo yatakayotangulia jaladani na ndiyo atakayofuatwa nayo shahidi mpaka mwisho.

Naja sasa kwenye ungamo la mtuhumiwa, na hapa naomba mnisome kwa subira. Katiba yetu, katika ibara ya 13, imeagiza kwamba heshima ya mtu itunzwe katika shughuli zote za upelelezi na za uendeshaji wa mambo ya jinai, na imeharamisha mtu kuteswa au kutendewa kinyama. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ikaja na kuweka mipaka bayana: mtuhumiwa aonywe kwamba halazimiki kusema neno, aelezwe haki yake ya kumwita wakili au ndugu au rafiki, ahojiwe ndani ya saa 4 za mwanzo tangu awekwe chini ya ulinzi, na muda huo ukihitaji kuongezwa uongezwe kwa utaratibu uliotajwa, na alichokisema kiandikwe, asomewe, apewe nafasi ya kusahihisha. Ni sheria nzuri, na walioitunga walijua wanachokifanya. Lakini mara ngapi yameletwa maelezo ya onyo yaliyoandikwa siku ya tatu au ya nne ya mtu kukaa mahabusu, bila ya sababu hata moja kutajwa ya ucheleweshaji! Mshitakiwa hukataa kwamba hakuyasema kwa hiari, shauri husimama, huanza ile tunayoiita kesi ndani ya kesi, askari hupanda kizimbani kueleza alivyoyachukua, mtuhumiwa huvua shati kuonyesha makovu, na aghalabu hata makovu yasipothibitika, saa zenyewe huyabatilisha maelezo. Mahakama ya Rufani imeyaondoa katika kumbukumbu maungamo ya namna hiyo mara nyingi, na kila ilipoyaondoa, iwapo chini yake hapakuwa na ithibati nyingine, kesi nzima ilianguka.

Tazameni hasara ilivyokuwa. Iwapo yule mtu hakutenda, ameteswa asiye na hatia na mhalifu wa kweli yuko mtaani. Na iwapo alitenda, kofi lile lile lililodhaniwa kuwa limemfunga ndilo lililomtoa.

Wenzetu yamewakuta haya kabla yetu. Uingereza, ambako ndiko sheria zetu nyingi za jinai zilikotoka, watu 6 walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1975 kwa ajili ya mabomu yaliyoua watu 21 katika mji wa Birmingham mwezi wa Novemba 1974, na sehemu kubwa ya ushahidi uliowafunga ilikuwa ni maungamo ambayo baadhi yao waliandikishwa, kama walivyolia tangu mwanzo, kwa vipigo na vitisho. Wakakaa gerezani miaka 16, mpaka hukumu zao zilipotenguliwa mwaka 1991. Kashfa za namna hiyo ziliwatia Waingereza haya, nao wakafanya mambo mawili ambayo ningependa myazingatie. Sheria yao ya mwaka 1984, hata kabla ya hukumu hizo kutenguliwa, iliweka njia ya mahojiano ya mtuhumiwa kunaswa kwenye kanda, ili asizuke mtu kubishana juu ya lililosemwa. Na mapema katika miaka ya 1990 wakaanza kuwafundisha askari wao namna mpya ya kuhoji, ambayo msingi wake ni kwamba mhojaji haendi kutafuta ungamo, huenda kutafuta habari. Hujiandaa kwanza kwa kulisoma jambo; humweleza mtu kwa nini yuko pale; humwacha asimulie kwa maneno yake mwenyewe bila ya kumkatiza; kisha humrudisha kwenye sehemu zisizopatana na ithibati nyingine, moja baada ya moja, kwa sauti ile ile ya utulivu; na mwisho hupima alichokipata. Wanorwe walijifunza kwao na wakatunga mafunzo yao wenyewe. Na mwezi wa Mei 2021 wataalamu wakiongozwa na Juan Méndez, mwanasheria wa Argentina aliyepata kuwa mwangalizi wa Umoja wa Mataifa juu ya mateso, walitoa kanuni za mahojiano ya namna hii kwa ajili ya mataifa yote, pamoja na yetu.

Sielewi kwa nini elimu hiyo ionekane kuwa ni anasa ya nchi tajiri. Mzee wa mji aliyeketi kusuluhisha ugomvi wa mirathi tangu zamani pwani hii aliijua: humwacha kila mtu amalize, haoneshi uso wa hasira, hukumbuka kila neno, na anaporudi kuuliza huwa ameshika mahali pale pale ambapo mwongo alidhani pamepita salama. Na chombo cha kunasa sauti, ambacho Waingereza walikinunua kwa gharama katika miaka ya 1980, leo kimo ndani ya simu ya kijana yeyote wa bodaboda.

Baada ya elimu, zana. Na nikisema zana watu huwaza magari ya maji ya kuwasha na helmeti. Mimi nazungumzia karatasi. Jirani yangu, mama wa makamo anayelima mihogo, alikatwa na panga begani katika ugomvi wa mpaka wa shamba, akachukuliwa kwa pikipiki hadi kituo cha polisi ili apate PF3, ile fomu ambayo bila yake aliyejeruhiwa hupata taabu kutibiwa na bila yake jeraha lake hupata taabu kuthibitika mahakamani. Ilikuwa Jumapili jioni. Askari wa zamu, ambaye alimwonea huruma na alimpa kiti, alisema fomu zimekwisha, imebaki moja ya kutolea nakala, nao waende dukani wakaitoe nakala warudi nayo. Duka lilikuwa limefungwa. Walizunguka mji na kanga imelowa damu mpaka wakamwamsha mwenye mashine nyumbani kwake. Fomu ya kurasa chache, ambayo ni mali ya Serikali na hutolewa bure, ilimgharimu mama yule saa ambazo jeraha halikuwa na uwezo wa kuzingoja, na daktari alipoijaza alikuwa anaandika habari za kidonda kilichokwisha kubadilika. Sikitaji kituo hicho, kwa sababu nikikitaja ataadhibiwa yule askari, na yule askari hakuwa na kosa lolote.

Kadhalika vielelezo. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ilieleza kwa urefu, katika hukumu inayotajwa mpaka leo, kwamba kielelezo lazima kiwe na mnyororo wa maandishi unaoonyesha nani alikikamata, nani alimkabidhi nani, kilihifadhiwa wapi, nani alikichunguza, na kilifikaje mahakamani. Na mwaka huo huo Bunge likatunga sheria ya kusimamia matumizi ya vinasaba vya binadamu, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ikawa ndiyo tegemeo letu katika elimu hiyo. Basi nikapokea mimi, karani, panga lililodaiwa kuua mtu, limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kukazwa kwa uzi, na lebo yake imeng'oka kwa unyevu. Ndani ya nailoni damu imeoza, ikawa ukungu. Mtu yeyote aliyefundishwa kazi ya mahali pa tukio angelijua kwamba kitu chenye damu huachwa kikauke kisha hutiwa katika mfuko wa karatasi, kwa sababu nailoni hufungia unyevu na unyevu huharibu kile ambacho Mkemia anakitafuta. Mfuko wa karatasi, ule wa kutilia maandazi! Tumejenga maabara, tumesomesha wataalamu, tumetunga sheria, halafu jambo likaharibika kwa kukosa mfuko wa karatasi na mtu wa kusema utumike huo na si ule mwingine.

Na mafuta ya gari. Raia wa kijijini hupiga simu kwamba duka limevunjwa na nyayo za wezi bado zinaonekana mchangani; hujibiwa kwamba gari lipo, mafuta hayapo, na kama anaweza kuyachangia, waje. Anayechangia mafuta ndiye anayepelelezewa. Asiyeweza, nyayo zake hufagiliwa na mbuzi na watoto kabla ya jua kufika utosini. Hapo haki imekwisha kuuzwa, hata kama hakuna aliyepokea hongo, na askari aliyeomba mafuta kwa ajili ya kazi ya leo huwa amezoeshwa njia ya kuomba kwa ajili yake mwenyewe kesho.

Nisije nikaeleweka kuwa nasema kila ovu la polisi ni upungufu wa mafunzo. Mwezi wa Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wa teksi waliuawa mikononi mwa polisi Dar es Salaam, wakatangazwa kuwa ni majambazi, na Tume iliyoongozwa na Jaji Mussa Kipenka ikaja kubainisha kwamba hawakuwa majambazi. Jambo kama hilo halitibiwi kwa kozi wala kwa karatasi. Dawa yake ni mashitaka na hukumu, na anayelipa jina la upungufu wa mafunzo anawadhulumu waliokufa. Ninalolizungumza ni lile kundi kubwa la askari walio waadilifu, ambao tunawatuma kufanya kazi ya akili kwa mikono mitupu, na kisha tunawalaumu kwa matokeo.

Wala sijasahau wanavyojitoa mhanga. Tarehe 13 Aprili 2017, huko Kibiti, askari 8 waliuawa kwa kuviziwa wakiwa wanarudi kutoka lindo. Wale walikuwa na wake na watoto na wazee waliokuwa wakiwangoja, na kila anapouawa askari katika kutulinda, deni huwa juu yetu sote. Moja ya njia za kulilipa ni kuwapa walio hai elimu itakayowafanya waaminiwe na wanakijiji, kwa maana habari za watu wenye silaha msituni hazipatikani kwa doria peke yake. Huletwa usiku, kwa mnong'ono, na mama aliyepita akawaona, naye huzileta kwa askari anayejua kwamba atamsikiliza na kulitunza jina lake.

Waheshimiwa, hamhitaji kuanza upya kwa utafiti. Mwezi wa Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ikazunguka nchi, ikawasikiliza raia na watumishi, ikakabidhi ripoti yake mwezi wa Julai mwaka huo huo, ikiwa na mapendekezo mazito juu ya Polisi na juu ya upelelezi. Mambo makubwa ya miundo na sheria yana njia zake na wenyewe. Mimi naomba yale madogo ambayo hayangoji muswada wala kikao cha Baraza la Mawaziri.

Naomba kwamba asihitimu kuruta Moshi, wala Zanzibar, mpaka awe amekaa mbele ya shahidi wa kuigiza, akamhoji, akaandika maelezo yake kwa Kiswahili safi kinachosomeka, na maelezo hayo yakasomwa na hakimu au wakili wa Serikali aliyealikwa kwa kazi hiyo, akasema kama yatasimama au yataanguka. Mahakimu wastaafu wapo, mawakili wa Serikali wapo, na sisi makarani tuliostaafu tupo, tena wengi wetu tutakuja kwa nauli tu. Naomba konstebo wa kaunta arudishwe darasani kwa siku chache kila mwaka, hapo hapo wilayani, aonyeshwe hukumu za kesi za kituo chake mwenyewe zilizoanguka, asomewe hakimu alisema nini na kwa nini. Kwa maana nimestaajabu siku zote kuona kwamba askari aliyeandika maelezo huwa hapati kujua yalimfikisha wapi mtu. Naomba kila kituo cha wilaya kiwe na sanduku la mahali pa tukio, lenye mifuko ya karatasi, lebo, glavu, utepe wa kuzuia watu, futi kamba na kamera, na kwamba mkuu wa kituo alikague kila mwezi kama anavyokagua ghala ya silaha, na alitolee hesabu vivyo hivyo. Naomba fomu za PF3 zisipungue kituoni kamwe, wala raia asiambiwe akatoe nakala, na aliyejeruhiwa apelekwe kwa daktari kwanza, karatasi imfuate. Na naomba mahojiano ya watuhumiwa wa makosa makubwa yanaswe kwa sauti na picha tangu dakika ya kwanza, kwa manufaa ya mtuhumiwa na kwa kinga ya askari mwenyewe, ambaye leo akisingiziwa kuwa amempiga mtu hana cha kujitetea ila kiapo chake.

Gharama ya haya nimejaribu kuipima kwa akili ya karani aliyezoea kuagiza karatasi na wino wa ofisi, na sioni kwamba inafika hata karibu na bei ya msafara wa magari mapya. Kinachotakiwa ni mtu mwenye cheo kuyapa mambo haya heshima ile ile inayopewa silaha na gwaride la kuhitimu.

Mheshimiwa Waziri, utakaposimama Bungeni Dodoma kusoma hotuba ya bajeti ya Wizara yako, nakuomba uwatajie wabunge, kwa tarakimu na kwa fungu lake peke yake, ni shilingi ngapi zinakwenda kwenye mafunzo ya kuhoji na kuandika maelezo, na ni ngapi kwenye fomu, mafuta na vifaa vya vielelezo vya vituo vya wilaya. Na mwaka unaofuata uwasomee zilitumika vipi. Afande Inspekta Jenerali, nakuomba umtume mtu unayemwamini, asiyevaa sare, aende kituo chochote jioni ya Jumapili akaombe PF3, kisha akuletee taarifa ya alichojibiwa.

Wenu katika utumishi wa haki,

Karani mstaafu wa mahakama,
Tanga.